Ua la Bahari: merikebu iliyoshusha askari Kilwa

Muulize kijana yeyote aliyesoma historia sekondari nini kilitokea Kilwa mwaka 1505. Atakujibu bila kusita: Wareno waliivamia. Sasa muulize waliivamia vipi, walikuja na vyombo gani, walishuka namna gani, na vyombo hivyo viliishia wapi. Hapo anakaa kimya. Simcheki, maana ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu: mwaka, jina la mvamizi, nukta, geuza ukurasa. Mtihani ukija unaandika ulichokariri, unapata maksi zako, basi.

Leo naomba turudi kwenye ukurasa ule ule, ila tuingilie mlango mwingine. Nitasimulia chombo badala ya mji. Kuna merikebu ya Kireno iliyoitwa Flor de la Mar, yaani Ua la Bahari. Ilidumu miaka tisa tu, kuanzia 1502 hadi 1511. Ndani ya miaka hiyo ilikuwemo kwenye misafara iliyopiga mji baada ya mji, kuanzia Kilwa yetu, ikapanda hadi Barawa, ikafika Muscat na Hormuz, ikavuka hadi Goa, na mwisho Melaka iliyoko Malaysia ya leo. Ukiifuata merikebu hii unaona kwamba yaliyotupata Kilwa yalikuwa mwanzo wa utaratibu mzima.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya chombo tunachokizungumza. Majeshi makubwa ya dunia ya leo yana meli maalumu za kushusha askari ufukweni. Zinabeba mamia ya askari, magari, boti za kutua na helikopta. Kazi yake ni moja: kuchukua jeshi kutoka baharini na kuliweka juu ya ardhi ambako hakuna bandari ya kulipokea, au ambako wenye bandari hawataki kulipokea. Sisi Watanzania tulionja kitu cha namna hiyo tarehe 25 Januari 1964, pale helikopta zilizoruka kutoka HMS Centaur zilipowashusha makomando wa Kiingereza kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Dar es Salaam. Safari ile serikali ya Tanganyika yenyewe ndiyo iliyoomba msaada kuzima maasi ya jeshi. Kilwa mwaka 1505 hakuna aliyeomba.

Wareno wa wakati ule hawakuwa na jina la meli ya namna hiyo, lakini kazi waliijua. Flor de la Mar ilikuwa aina ya merikebu waliyoiita nau: tumbo pana la kubebea mzigo, milingoti mirefu, na majukwaa yaliyoinuka mbele na nyuma kama ghorofa, ambako askari walisimama kurusha mishale na kufyatua bunduki. Ilijengwa Lisbon ikiwa na uwezo wa kubeba kama tani 400. Kwa siku zile hilo lilikuwa dude kubwa. Tumbo lile lilikuwa na kazi mbili. Wakati wa kwenda Uhindi lilijaa askari, mizinga na baruti. Wakati wa kurudi Ureno lilijaa pilipili manga.

Linganisha na mtepe wa pwani yetu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Mtepe ulikuwa chombo cha biashara. Uliweza kupanda mchangani maji yakikupwa na usivunjike. Haukuundwa kubeba mzinga wa shaba juu yake. Wafanyabiashara wa Kilwa walikwenda Sofala kuchukua dhahabu na wakarudi na kusi. Wa Arabuni na Gujarati walikuja na kaskazi, wakaondoka na kusi. Watu walijua nani anakuja mwezi gani na anataka nini. Vita na ugomvi wa kugombea kiti cha usultani vilikuwepo, tena vingi. Lakini merikebu zinazokuja kutoka mwisho wa dunia zikiwa na mizinga, zikidai kodi kwa niaba ya mfalme ambaye hakuna aliyewahi kumwona, hilo lilikuwa jambo geni.

Safari ya kwanza ya Flor de la Mar ilikuwa 1502. Iliondoka Lisbon katika kundi dogo lililoongozwa na Estêvão da Gama, ndugu wa Vasco da Gama, lililokuwa nyuma ya kundi kubwa la Vasco mwenyewe. Vasco ndiye aliyeingia Kilwa Julai ya mwaka huo, akamtishia mtawala wa mji, Amir Ibrahim: lipa kodi au nauchoma mji. Amir akakubali kulipa dhahabu, mithkali 1,500. Sehemu ya dhahabu hiyo ipo hadi leo na unaweza kuiona. Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru itengenezwe chombo cha ibada cha kanisani, kikamilika 1506, na sasa kiko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa za kale Lisbon. Juu yake imeandikwa kwamba kimetokana na kodi ya Kilwa. Risiti yetu ipo, ndugu zangu, tena ni ya dhahabu.

Sasa tuje 1505. Tarehe 25 Machi, msafara wa Francisco de Almeida uliondoka Lisbon na vyombo kama 20, vikiwa na askari wapatao 1,500. Misafara iliyotangulia ilikwenda ikarudi. Huu ulikuwa tofauti, maana Almeida alitumwa kubaki, akiwa na amri ya kujenga ngome. Flor de la Mar ilikuwemo, na nahodha wake alikuwa João da Nova.

Huyu Nova hakuwa mgeni wa Kilwa. Mwaka 1501 alipita hapa akiongoza msafara mdogo wa merikebu nne. Jina lake bado liko kwenye ramani: kile kisiwa kidogo katika mlango bahari wa Msumbiji kiitwacho Juan de Nova, ambacho kiko chini ya Ufaransa, kimepewa jina lake. Kwa hiyo Almeida alikuwa na mtu anayeijua bandari na anayemjua mwenye mji.

Walitokea Msumbiji, wakapanda na kusi kando ya pwani ambayo leo ni ya Mtwara na Lindi. Mchana wa tarehe 22 Julai 1505 merikebu nane ziliingia bandari ya Kilwa. Haya tunayajua hasa kwa sababu ya Mjerumani mmoja, Hans Mayr, aliyekuwa ndani ya merikebu nyingine ya msafara huo, São Rafael, na akaandika aliyoyaona. Kuna pia João de Barros, mwanahistoria wa Kireno aliyeandika miaka kama 50 baadaye.

Nilipokuwa nasoma maelezo ya Mayr, jambo moja lilinigonga. Anasifia kwamba merikebu za tani 500 zinaweza kukizunguka kisiwa cha Kilwa bila taabu. Hebu fikiria. Utajiri wa Kilwa ulitokana na bandari yake, maji marefu na tulivu, yamekingwa na visiwa. Bandari hiyo hiyo ndiyo iliyoruhusu Flor de la Mar na wenzake kusogea karibu kiasi cha mizinga yao kufika mjini. Bandari nzuri haimchagui mgeni.

Merikebu zilifyatua mizinga kusalimia. Mji haukujibu, na bendera ya Ureno haikuonekana. Kwa maelezo ya Barros, Almeida akamtuma Nova kwenda kuuliza kulikoni. Amir Ibrahim akatuma zawadi: mbuzi, ng'ombe mdogo, nazi na matunda. Lakini yeye mwenyewe hakutoka. Habari za Kireno zinasema siku ya miadi alitoa udhuru kwamba paka mweusi alimkatiza njia. Mara nyingine akasema ana wageni, ila kodi ataituma. Mtu wa Pwani akisoma hapo anaelewa kinachoendelea. Mwenye mji hakatai na hakubali, anavuta muda aone upepo unaelekea wapi. Ni diplomasia ya watu waliozoea kwamba mgeni, hata akikasirika, mwisho wa yote anahitaji kununua na kuuza.

Mgeni huyu hakuwa wa kungoja. Wajumbe watano walioleta ujumbe wa Amir walikamatwa papo hapo. Alfajiri ya Alhamisi, 24 Julai, mashua zilishushwa.

Hapa ndipo uone utaratibu wenyewe. Nau haiwezi kufika ufukweni, inakaa kwenye maji marefu na nanga yake, mizinga imeelekezwa mjini. Askari wanashuka kwa mashua, wamevaa deraya za chuma, wana mikuki, pinde na bunduki. Waligawanywa makundi mawili: Almeida akiwa na kama watu 300, na mwanawe Lourenço akiwa na kama 200. Wanatua sehemu mbili tofauti kwa wakati mmoja ili wenye mji wasijue wakimbilie wapi. Ni mbinu zile zile zinazofundishwa kwenye vyuo vya kijeshi leo: moto kutoka majini, kutua alfajiri, kushambulia pande mbili, kukimbilia moja kwa moja ikulu.

Ikulu walikuta mtu dirishani ameshika bendera ya Ureno, ile iliyoachwa na Vasco da Gama 1502, akiipeperusha na kulitaja jina la Ureno kwa sauti. Walimwambia afungue mlango. Hakufungua. Wakauvunja kwa mashoka, wakaingia, hawakumkuta yeye wala mtu mwingine. Bila shaka yule alikuwa anawanunulia wenzake muda wa kutoka. Amir Ibrahim alikwisha vuka na watu wake. Jina la mtu wa dirishani hakuna aliyeliandika. Mimi namhesabu kuwa mmoja wa mashujaa wa siku ile.

Mji ulianguka bila vita ya maana. Mapadri wakashuka na misalaba, wakaimba, wakaomba dua ikuluni. Baada ya dua, anasema Mayr bila kuona haya, kila mtu akaanza kupora. Na mji alioueleza haukuwa kijiji. Anataja nyumba imara za mawe na chokaa, za ghorofa, zilizopambwa kwa nakshi, msikiti wenye kuba, bustani za machungwa, ndimu na mboga, asali na nta, pamba, watu kama 4,000. Anataja watumwa pia, na hilo tusilifiche. Kilwa haikuwa pepo. Ilikuwa mji wa kweli, wenye matajiri wake na wanyonge wake, na uliporwa kwa asubuhi moja.

Kesho yake, 25 Julai, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, ambaye Wareno humwita Santiago. Wakachagua nyumba imara kuliko zote, wakabomoa zilizoizunguka, wakaigeuza ngome na kuiita Santiago. Ndiyo asili ya Gereza la Kilwa Kisiwani tunalopigia picha, ingawa sehemu kubwa ya jengo unaloliona leo ni kazi ya Waomani wa karne ya 19. Hata neno lenyewe, gereza, wataalamu wa lugha wanasema limetokana na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kiswahili hakisahau. Jengo walilotuletea kama nyumba ya Mungu, sisi tukaliita mahali pa kufungia watu.

Almeida akamweka mtawala wake, Muhammad bin Rukn al-Din, anayejulikana zaidi kama Muhammad Ankoni, akamvisha taji la dhahabu ambalo awali lilikusudiwa mfalme wa Cochin kule Uhindi. Akamwacha Pedro Ferreira na kikosi cha ngome. Halafu msafara ukang'oa nanga kwenda Mombasa, ambako watu walipigana barabara mtaa kwa mtaa katikati ya Agosti, na mji ukachomwa moto.

Vitabu vingi vya shule vinaishia hapa. Kisa cha merikebu yetu ndiyo kwanza kinaanza.

Flor de la Mar ilifika Uhindi, ikapakia pilipili, ikageuza kurudi nyumbani mwaka 1506. Haikufika. Ubavu wake ulianza kuvuja, ikalazimika kuingia Msumbiji kuzibwa. Ikatoka, ikavuja tena, ikarudi tena. Ilikaa huko miezi mingi. Tumbo lile pana lililotengenezwa kwa tamaa ya mzigo ndilo lililokuwa ugonjwa wake: likijaa sana, mbao zinaachia. Kasoro hiyo iliandamana nayo hadi siku ya mwisho.

Mwanzoni mwa 1507 msafara wa Tristão da Cunha na Afonso de Albuquerque ukaikuta Msumbiji. Mzigo wake ukahamishiwa merikebu nyingine, na yenyewe ikaingizwa kwenye msafara wa vita. Msafara huo ukapanda pwani ya Waswahili: mji wa Oja ukashambuliwa, Lamu ikakubali kulipa kodi kuepuka balaa, Barawa ikakataa. Barawa ikatekwa, ikaporwa, ikachomwa. Waandishi wa Kireno wenyewe waliandika kwamba askari walikata mikono na masikio ya wanawake ili wachukue bangili na herini kwa haraka. Sikutaka kuiandika sentensi hiyo, lakini nani ataiandika?

Kutoka hapo wakateka Sokotra. Halafu Albuquerque akaelekea pwani ya Oman, na Flor de la Mar na nahodha wake Nova wakiwemo. Kuriyat, Muscat, Khor Fakkan: kila mahali mambo yalikuwa kama Kilwa. Merikebu zinatia nanga, wanadai utii, wenye mji wanavuta muda, mashua zinashuka, moto unawaka. Mwisho wakafika Hormuz, ufunguo wa Ghuba. Ukisoma mfululizo huu unaelewa kwa nini karne na nusu baadaye Waomani walipowafukuza Wareno Muscat, mwaka 1650, watu wa pwani yetu walipeleka ujumbe kuwaomba waje na huku. Ngome ya Yesu, Mombasa, ikaanguka mikononi mwa Waomani 1698. Baada ya hapo tulipata mabwana wapya, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Tarehe 3 Februari 1509, Flor de la Mar ilikuwa merikebu ya amiri katika vita vya Diu, pwani ya Gujarati. Aliyekuwa juu yake ni yule yule Almeida wa Kilwa. Safari hii alipigana kwa kisasi. Mwanawe Lourenço, aliyeongoza kundi la pili ufukweni Kilwa, aliuawa Chaul mwaka 1508 na jeshi la majini la Wamisri na Wagujarati. Almeida akashinda Diu, na baada ya hapo kwa miaka mingi hakukuwa na nguvu ya kuwazuia Wareno katika Bahari ya Hindi. João da Nova akafariki Cochin mwaka huo huo wa 1509.

Almeida naye hakufika nyumbani. Akiwa njiani kurudi, tarehe 1 Machi 1510, alishusha watu wake ufukweni karibu na ilipo Cape Town ya leo kwenda kuwaadhibu wafugaji wa Khoikhoi. Wafugaji hawa hawakuwa na jumba la mawe la kuporwa wala Amir wa kutishwa. Walikuwa na ng'ombe waliofunzwa kufuata sauti na miluzi, wakajikinga nyuma ya mifugo yao huku wakirusha mawe na mikuki. Almeida akauawa pale pale mchangani, pamoja na Wareno wengine zaidi ya 50. Mtu aliyetua Kilwa, Mombasa na Diu aliuawa na wachunga ng'ombe, kwa sababu safari hiyo mizinga ya merikebu ilikuwa mbali na haikuweza kumsaidia.

Merikebu ikabaki kwa Albuquerque. Ilikuwemo kwenye kampeni ya Goa 1510. Mwaka 1511 ikaenda Melaka, bandari tajiri kuliko zote za Mashariki. Shambulio la kwanza lilifanywa tarehe ngapi? 25 Julai, siku ya Santiago, miaka sita kamili tangu ngome ya Kilwa ilipoanzwa. Melaka ikaanguka Agosti. Albuquerque akapakia mali ya ikulu ndani ya Flor de la Mar. Wenzake walijua hali ya chombo kile. Kilikuwa kimechakaa, maana nau za njia ya Uhindi kwa kawaida zilimaliza kazi baada ya safari tatu au nne. Yeye akaona hakuna chombo kingine chenye tumbo la kutosha.

Usiku wa 20 Novemba 1511, pwani ya Sumatra, dhoruba ikaikuta. Ikagonga mwamba, ikapasuka, ikazama na watu wengi na mzigo wote. Albuquerque akaokoka juu ya chelezo cha mbao. Katika vilivyopotea, alichokililia kwenye barua yake kwa mfalme mwaka 1512 ni pamoja na ramani kubwa iliyochorwa na rubani wa Kijava, yenye maandishi ya Kijava, ikionyesha njia za bahari za Mashariki. Maarifa ya mabaharia wa bahari hii, waliyoyakusanya kwa vizazi, yalizama ndani ya merikebu iliyokuja kuyachukua. Mpaka leo mabaki ya Flor de la Mar hayajathibitishwa kupatikana, na wawinda hazina wanaendelea kuyaota.

Sasa turudi nyumbani na tupige hesabu. Wareno walipata nini Kilwa? Muhammad Ankoni aliuawa 1506, mwaka mmoja tu baada ya kuvishwa taji. Ugomvi wa kiti ukaendelea. Wareno wakajenga ngome Sofala mwaka ule ule wa 1505, wakajaribu kuikamata biashara ya dhahabu peke yao, na wafanyabiashara wakatafuta njia za pembeni kupitia Angoche. Kilwa bila dhahabu ya Sofala ikawa duka lisilo na bidhaa. Mwaka 1512 Wareno wakafunga ngome wakaondoka. Amir Ibrahim, yule wa paka mweusi, akarudi mjini mwake. Merikebu zile ziliweza kuuchukua mji kwa asubuhi moja. Kuuendesha hazikuweza, wala kuirudisha biashara waliyoiua.

Mbinu yenyewe haikufa. Mei 1890 Wajerumani wa Wissmann walikuja na manowari wakazitwaa Kilwa Kivinje na Lindi, baada ya watu wa Kusini kuwakataa mwaka 1888. Septemba 1916 Waingereza wakashusha askari Kilwa na Lindi kuwapiga Wajerumani, na waliobeba mizigo ya vita hiyo vichwani hadi kufa ni watu wa huku. Mara tatu pwani hii imeshukiwa kutoka majini.

Nilipokwenda Kilwa Kisiwani kwa mashua kutoka Masoko, swali langu kwa vijana tuliokuwa nao chomboni lilikuwa dogo: mnajua jina la meli hata moja iliyokuja siku ile? Hakuna aliyejua, na nadhani hata Dar es Salaam nisingepata jibu tofauti. Wenzetu wa Melaka wamejenga mfano wa Flor de la Mar, wa ukubwa kamili, ukaufanya mlango wa makumbusho yao ya bahari tangu 1994. Watoto wa shule wanapanda ndani ya chombo kilichowapora babu zao, wanasomewa kisa kizima. Hawaisifu merikebu ile, wanaihoji.

Sisi tuna nini? Tuna magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, na kuondolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Hongera kwa waliofanya kazi hiyo. Lakini mawe hayasemi peke yake. Tarikhi ya Kilwa, kitabu kilichoandikwa na mtu wa Kilwa kwa Kiarabu, nakala yake iko Maktaba ya Uingereza, London, ikiwa imepitia mikononi mwa Sultan Barghash na balozi John Kirk. Na nakala hiyo inakatika kabla haijafika asubuhi ile ya 24 Julai. Kwa hiyo siku muhimu kuliko zote katika historia ya mji wetu tunaisoma kwa macho ya waliokuwa ndani ya merikebu.

Ndiyo maana naona kuna kazi ya kufanya. Kuna wavuvi wa Kisiwani, Songo Mnara na Kivinje wanaojua kila mkondo wa bandari ile, wapi chombo kikubwa kinaweza kutia nanga na wapi mashua inaweza kutua maji yakiwa yamejaa. Kuna wazee wenye masimulizi ya familia zao. Mwalimu wa historia wa Kilwa au Lindi anaweza kuwachukua wanafunzi wake, akawapa maelezo ya Mayr na Barros, akawapeleka ufukweni na kuwauliza: ungekuwa Amir Ibrahim, merikebu nane zimetia nanga pale, ungefanya nini? Kodi, vita, au kuvuka bara na watu wako? Na yule wa dirishani na bendera, mnadhani alitoka vipi?

Nawasilisha.